Miguu Inayodumu: Namna ya Kumtunza Farasi wa Mbio Akae Kazini Miaka Mingi

Kazi ya kwanza ya siku katika banda la farasi wa mbio ni kupitisha mkono kwenye miguu, kabla ya kulisha na kabla ya kufagia. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, baridi ya Meru ikiwa bado imekaa juu ya Usa River na farasi hajatoka nje kupasha mwili moto, saisi, yaani mtunza farasi, huchuchumaa kando ya mguu wa mbele wa kushoto, hushusha kiganja kutoka gotini hadi kwenye kwato, kisha huhamia mguu wa kulia na kulinganisha. Kwa farasi mmoja kazi hiyo huchukua dakika tano. Nimeifanya kwa miaka mingi, kwanza nikiwa kijana wa banda katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, na sasa nikiwa mwangalizi wa farasi katika shamba moja la huku Arusha, na kila farasi niliyemwona akidumu alikuwa na mtu aliyemgusa miguu hata katika siku ambazo hapakuwa na sababu yoyote ya kumgusa.

Mwongozo huu nawaandikia masaisi, wasimamizi wa mabanda na wenye farasi wa Arusha, Moshi na mashamba ya magharibi mwa Kilimanjaro wanaolea farasi wa Thoroughbred, aina ya farasi wa mbio, ama kwa kuwaandaa kwenda kukimbia Ngong, ama kwa kuwapokea baada ya mbio ili wawe farasi wa kupanda. Shida ninayoizungumzia haiko kwetu peke yetu. Nchini Marekani, mwaka 1960, farasi wa mbio alikimbia kwa wastani zaidi ya mara 11 kwa mwaka; siku hizi wastani huo ni karibu mara 6. Hata hivyo aina hii ya farasi ina uwezo wa kudumu. John Henry, aliyezaliwa mwaka 1975 na kuhasiwa akiwa bado mchanga, alikimbia mara 83 na kushinda mara 39, na mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 9, alichaguliwa kwa mara ya pili kuwa Farasi Bora wa Mwaka wa Marekani. Red Rum wa Uingereza alikuwa na maradhi ya mfupa ulio ndani ya kwato, maradhi ambayo wengi wangeyahesabu kuwa mwisho wake. Mwalimu wake, Ginger McCain, alimfanyisha mazoezi kwenye mchanga wa pwani ya Southport, na farasi huyo akashinda mbio ndefu za kuruka viunzi za Grand National mwaka 1973, 1974 na 1977, mara ya mwisho akiwa na miaka 12.

Ninachotaka msomaji akichukue kutoka hapa ni kwamba miguu ya farasi hujengwa kwa kazi iliyopimwa. Haihifadhiki kwa kumfungia farasi bandani, na haijengeki kwa haraka ya mwenye farasi anayetazama kalenda ya mbio.

Mfupa hujifunza mwendo uliofundishwa

Chini ya goti la mbele farasi hana misuli ya kumsaidia. Pana mfupa, kano, ligamenti, mishipa na ngozi, basi. Farasi wa kilo 450 anapokwenda shoti kamili, mguu mmoja wa mbele hubeba kwa nukta moja nguvu inayozidi mara mbili ya uzito wa mwili wake wote, na hurudia hivyo katika kila hatua. Farasi hazaliwi akiwa na mfupa wa kustahimili jambo hilo. Mfupa ni kitu hai, huongezeka unene pale unapolemewa na hupungua pale usipotumika, na ndiyo maana farasi aliyekaa bandani miezi miwili huku anang'aa ngozi na kunenepa anaweza kuwa amepoteza sehemu ya uimara wa miguu yake bila mtu yeyote kuona kwa macho.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani. Mfupa uliochoka hujitengeneza kwa hatua mbili: kwanza chembe hai za mwili hula sehemu iliyochakaa na kuacha matundu madogo, kisha chembe nyingine huyajaza matundu hayo kwa mfupa mpya. Kula huchukua wiki chache, kujaza huchukua miezi. Kwa hiyo kuna kipindi, hasa farasi anaporudi kazini baada ya kupumzishwa, ambapo mfupa una matundu ambayo hayajajazwa. Uchunguzi wa farasi wa mbio wa California ulionyesha kuwa kuvunjika kwa mfupa wa mkono wa juu, ule ulio kati ya bega na kiwiko, kunahusiana na kurudi kazini baada ya mapumziko marefu. Mapumziko yenyewe hayana kosa. Kosa ni kudhani kwamba farasi aliyepumzika anaanzia pale alipoachia.

Kinachodanganya zaidi ni pumzi. Moyo, mapafu na misuli hurudi katika hali nzuri ndani ya wiki chache, na farasi huanza kuvuta hatamu akiomba kukimbia, ilhali mifupa na kano zake ziko nyuma kwa miezi. Mpanda hurudi kwenye banda akisema farasi yuko tayari, na anasema kweli kwa kadiri anavyohisi akiwa juu ya tandiko. Mwenye kupanga mazoezi hana budi kupanga kwa kufuata kiungo kinachochelewa.

Kwa farasi anayetoka katika mapumziko ya miezi miwili au zaidi, mimi huanza na wiki tatu za mwendo wa hatua, dakika 30 zikipanda taratibu hadi saa moja, kwenye barabara za shamba zilizo ngumu kiasi. Baada ya hapo huongeza mwendo wa matiti, ule ulio kati ya hatua na shoti, kwa wiki nne, kwanza vipande vya dakika tatu, kisha vya dakika sita au nane, nikichagua miinuko midogo kama ile ya njia za pembeni mwa mashamba ya kahawa, kwa sababu mlima hufanyisha moyo kazi bila kuongeza kishindo cha kwato. Shoti ya pole huja katika mwezi wa tatu. Kasi ya kweli huja mwisho, na huja kwa vipande vifupi: mita 200 mara moja kwa wiki, kisha mara mbili, kisha mita 400, nikiongeza ama umbali ama kasi, kamwe si vyote viwili katika wiki moja.

Watu wengi huuliza kwa nini vipande vifupi vya kasi vianze kabla farasi hajamaliza miezi ya shoti ndefu za polepole kama ilivyozoeleka zamani. Jibu limetokana na kazi ya David Nunamaker wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyechunguza maumivu ya upande wa mbele wa mfupa mrefu ulio chini ya goti, maradhi yanayowapata sana farasi wa miaka miwili. Mfupa huo hupokea mzigo kwa namna moja farasi anapokwenda polepole na kwa namna nyingine anapokimbia kwa kasi, kwa hiyo farasi aliyekwenda maili nyingi za polepole amejenga mfupa wa mwendo wa polepole, na siku anapoachiwa kwa kasi mfupa huo unakutana na kazi usiyoijua. Dozi ndogo ndogo za kasi, zilizotanguliwa na msingi wa hatua na matiti, huufundisha mfupa kazi yake kabla ya siku ya mbio.

Kuhusu umri nitasema wazi maoni yangu, maana mabishano ni mengi. Tafiti za Australia na New Zealand zimeonyesha kuwa farasi walioanza kukimbia wakiwa na miaka miwili hawakuwa na maisha mafupi ya mbio kuliko waliochelewa, na mara nyingi walidumu zaidi. Nakubali matokeo hayo, ila nakumbusha kwamba farasi mwenye miguu mibaya huchelewa kuanza kwa sababu ya miguu hiyo hiyo, hivyo kundi la waliochelewa tayari lina wagonjwa ndani yake. Ninachokichukua kwa vitendo ni hiki: farasi mchanga aachiwe uwanjani akimbie na wenzake kila siku tangu utotoni, aanze kazi nyepesi akiwa na miaka miwili wakati mifupa na kano bado zinajifunza kwa urahisi, na mbio zenyewe zisubiri mpaka mwili wake useme. Huku kwetu hatuwezi kuwaacha nje usiku, kwa ajili ya fisi na kwa ajili ya usubi, kwa hiyo mchana wote wawe nje. Banda ni la kulala.

Kano, na joto la Jumanne

Kano ninayoizungumzia ni ile nene iliyo nyuma ya mguu wa mbele, inayoshuka kutoka gotini na kupita nyuma ya kifundo. Farasi anapokimbia, kano hii hunyooka kama mpira na kumrudishia nguvu, na katika shoti kamili hunyooka hadi karibu kabisa na kikomo cha kukatika kwake. Joto la ndani yake limepimwa kufikia nyuzi 45 za Selsiasi wakati wa shoti. Ikiumia, huponea kwa kovu, na kovu halina mnyumbuko wa kano ya asili, ndiyo sababu farasi aliyeumia kano mara moja huwa katika hatari kubwa ya kuumia tena.

Mzee aliyenifundisha kazi Ngong alinikataza kuitegemea miguu niliyoigusa baada ya mazoezi. "Kijana, joto la kazi litakudanganya," aliniambia, "shika mguu wakati amelala usiku kucha hajafanya kitu." Namna yake ndiyo ninayoifuata hadi leo. Farasi asimame sawasawa kwa miguu minne. Pitisha kiganja kwanza, kwa wepesi, ukitafuta joto. Kisha shika kano kati ya kidole gumba na cha shahada, ushuke nayo polepole ukihisi kama kuna mahali imevimba, imelainika au farasi anavuta mguu. Nyanyua mguu na urudie, kwa kuwa kano iliyolegea huonyesha maumivu ambayo kano iliyokazwa huyaficha. Gusa pembeni mwa kifundo uhisi mapigo ya mshipa unaokwenda kwenye kwato: katika mguu mzima mapigo hayo ni hafifu, na yakipiga kwa nguvu kuna joto au usaha ndani ya kwato. Daima linganisha kushoto na kulia.

Baada ya hapo mtoe, aongozwe kwa matiti kwenye ardhi ngumu na tambarare, kamba ikiwa imelegea. Farasi mwenye maumivu ya mguu wa mbele huinua kichwa mguu mgonjwa unapogusa chini na hukiinamisha mguu mzima unapokanyaga. Kwa miguu ya nyuma tazama nyonga, ile inayopanda na kushuka kuliko mwenzake ndiyo ya kuchunguzwa.

Nilipuuza jambo hili mara moja. Tulikuwa na farasi wa miaka minne, mwekundu, mwepesi wa moyo, aliyekuwa amebakiza siku kumi na mbili kabla ya safari ya Nairobi. Jumanne nilihisi joto katikati ya kano ya mguu wa kushoto, dogo sana, kama sarafu iliyokuwa mfukoni. Jumatano halikuwapo. Nilimwambia mwenye farasi kwamba limepita, naye akafurahi, nami nikafurahi kumwona amefurahi. Jumamosi tulimwachia kwa kasi mita 800. Jumapili alfajiri kano ilikuwa imepinda kwa nje kama ganda la ndizi. Alikaa miezi kumi na moja bila kukimbia, na ingawa alirudi, hakurudi yule yule. Joto la Jumanne lilikuwa limesema yote, na siku tano za kusubiri zingetosha.

Kwa hiyo ukikuta joto au uvimbe mdogo usioueleza, simamisha kasi yote. Mwagilia mguu maji ya baridi dakika 20, mara tatu au nne kwa siku; maji ya mifereji itokayo Meru na Kilimanjaro yana ubaridi wa kutosha. Mwite daktari wa mifugo apange picha ya altrasaundi, na picha ya pili ipigwe baada ya siku saba hadi kumi, kwa kuwa jeraha la kano huonekana vizuri zaidi likishakomaa. Kama ni jeraha la kweli, hesabu miezi tisa hadi kumi na miwili ya kurudi, ikianzia na matembezi ya mkononi, na kila ngazi ithibitishwe kwa picha. Anayekuahidi miezi mitatu anakuuzia kitu.

Pumba, nyasi na maji ya Meru

Hapa ndipo mazingira yetu yanapotofautiana na vitabu vya Ulaya. Chakula cha bei nafuu cha Arusha na Moshi ni pumba za mahindi, pumba za ngano na machicha, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huvitumia kwa mafanikio. Farasi si ng'ombe. Pumba zina fosforasi nyingi mno na kalisi kidogo mno. Katika pumba za ngano fosforasi ni karibu mara kumi ya kalisi, ilhali farasi anahitaji kalisi iwe sawa na fosforasi au iizidi, hadi karibu mara mbili. Mlo ukikosa kalisi, mwili huikopa kutoka mifupani. Dalili ya kwanza ni kuchechemea kunakohama leo mguu huu, kesho mguu ule, kabla hata mifupa ya uso haijaanza kuvimba na kumfanya farasi aonekane ana kichwa kikubwa. Wengi hutafuta jeraha mguuni wakati jeraha liko kwenye ndoo ya chakula.

Baadhi ya nyasi zetu huongeza tatizo hilo. Nyasi za Kikuyu, setaria na matete zina oksaleti, inayoifunga kalisi tumboni isifyonzwe. Farasi anayelishwa matete na pumba peke yake yumo hatarini mara mbili. Msingi wa mlo uwe nyasi kavu nzuri, kama Rhodes, zisizopungua kilo 8 au 9 kwa siku kwa farasi wa kilo 450. Ongeza majani ya alfalfa (lucerne), ambayo yana kalisi nyingi, na chokaa ya mifugo kwa kipimo cha daktari. Nafaka iwe ndogo na igawanywe mara tatu au nne kwa siku. Tumbo la farasi hutoa tindikali saa zote, ale asile, na vidonda vya tumbo vimeenea mno katika farasi wa mbio. Farasi mwenye kidonda hali vizuri, na asiyekula hajengi mfupa. Mahindi yaliyoota ukungu yasikaribie banda kabisa. Sumu ya ukungu huo huharibu ubongo wa farasi, na hakuna tiba.

Maji ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Chemchemi na visima vingi vya pembezoni mwa Mlima Meru vina floraidi nyingi inayotokana na miamba ya volkano. Kila mtu wa Maji ya Chai au Ngarenanyuki anazijua rangi za kahawia kwenye meno ya watoto na miguu iliyopinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kwa maji ya binadamu, na baadhi ya vyanzo vyetu vina zaidi ya miligramu 10. Farasi hunywa lita 30 hadi 40 kwa siku, na zaidi akiwa kazini. Floraidi hujilimbikiza mifupani mwake kama inavyojilimbikiza kwetu, hutia madoa kwenye meno yanayoota, huukuza mfupa vibaya juu juu na kuufanya mguu uwe mgumu na wenye maumivu. Kuchemsha maji hakuiondoi. Pima chanzo chako kabla ya kununua farasi; kama kiwango ni kikubwa, vuna maji ya mvua ya masika na vuli kwenye matangi, au tumia chujio la mkaa wa mifupa, ambalo limefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto. Walioko upande wa Moshi na Machame mara nyingi wana maji mepesi zaidi, lakini nao wapime.

Kutokana na hilo hilo, usimpe farasi magadi ya kulamba. Magadi ya kwetu huwa na floraidi. Mpe chumvi ya kawaida ya mezani, kijiko kikubwa kimoja au viwili kwa siku, na uongeze kidogo anapotoka jasho sana.

Kwato

Fundi wa kwato aje kila baada ya wiki nne hadi tano, hata kama kwato bado zinaonekana fupi. Kwato ya mbele ikiachwa irefuke kidole (ncha yake ya mbele) na kisigino kikiporomoka, mguu huchelewa kunyanyuka na kano ya nyuma hubeba mzigo usio wake. Kasoro hii ndiyo ninayoikuta kwa farasi wengi wanaoletwa kwangu. Mtazame farasi kwa upande: mstari wa mbele wa kwato na mstari wa sehemu iliyo kati ya kwato na kifundo viwe mstari mmoja ulionyooka. Mafundi ni wachache kwetu, na baadhi wamejifunza kwa kutazama tu, kwa hiyo msimamizi lazima ajue kuona kosa hilo mwenyewe. Viatu vyenye meno marefu mbele ya kidole vikataliwe, kwani vimehusishwa na majeraha makubwa ya miguu.

Katika masika kwato hulainika na kuoza katikati. Safisha kila siku, kausha, na sakafu ya banda iwe na maranda makavu.

Ardhi

Vumbi letu la majivu ya volkano linapokauka Januari na Februari, na tena kuanzia Julai, chini yake huwa gumu kama saruji. Masika yakishika, udongo mweusi wa tambarare za Sanya huwa utelezi na gundi kwa pamoja. Usimwachie farasi kwa kasi katika hali hizo mbili. Chagua njia moja ya mita 600, ilimwe kwa haro, ichanganywe na mchanga wa mto, imwagiliwe siku ya kasi. Siku ambayo njia haifai, kazi ya mlima kwa matiti inatosha, na farasi hapotezi kitu.

Magonjwa yanayokata mazoezi

Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na usubi unaouma kuanzia machweo hadi mapambazuko, na pundamilia hubeba virusi vyake bila kuugua. Chanjo kila mwaka, farasi ndani kabla jua halijazama, na neti kwenye madirisha. Baada ya chanjo kazi iwe nyepesi kwa wiki kadhaa kama daktari atakavyoelekeza. Upange tarehe hiyo mbali na mbio. Kupe waondolewe kila siku, hasa masikioni na chini ya mkia, kwa kuwa homa inayoletwa na kupe humwacha farasi bila damu ya kutosha, na farasi aliyechoka damu hukanyaga vibaya. Pima joto la mwili kila asubuhi: kawaida haizidi nyuzi 38.5. Anayezidi hapo hafanyi kazi siku hiyo, hata kama macho yake ni mang'avu.

Dawa za maumivu

Maduka ya dawa za mifugo yanauza dawa za kupunguza maumivu bila maswali mengi. Dawa hizo ni halali kwa tiba na daktari akiziandika zitumike. Kuzitumia ili farasi anayechechemea afanye mazoezi ni ukatili, kwa sababu maumivu ndiyo pekee yanayomzuia asiukanyage mfupa wenye ufa kwa nguvu zake zote. Sindano za steroidi ndani ya viungo zina hatari kama hiyo: kiungo hutulia, gegedu huendelea kulika. Kanuni ya banda letu ni kwamba farasi aliyepewa dawa ya maumivu hatoki kwa zaidi ya hatua mpaka dawa imekwisha mwilini na amepita mtihani wa matiti bila dawa. Imewahi kutugharimu mbio, na nitaishikilia.

Lini kusimama

Andika daftari. Kila farasi awe na ukurasa wa kila wiki wenye joto la mwili, hali ya kila mguu, umbali wa kasi na jina la fundi aliyekata kwato. Baada ya mwaka mmoja daftari litakuonyesha mguu ule ule ukirudia kuandikwa. Mguu ukiandikwa mara tatu kwa shida moja ndani ya msimu, piga eksirei na altrasaundi zote mbili, na umwombe daktari aseme mbele ya mwenye farasi, si kwa simu. Winx wa Australia alishinda mbio 33 mfululizo na akastaafishwa mwezi Aprili 2019 akiwa mzima na bado anashinda. Hakuna aliyelazimika kusubiri avunjike.

Farasi anayeletwa kwetu kutoka Ngong kwa njia ya Namanga baada ya kumaliza mbio aruhusiwe kuinamisha kichwa njiani, maana farasi aliyefungwa kichwa juu kwa saa nyingi huweza kuambukizwa mapafu. Akifika, punguza nafaka kidogo kidogo kwa wiki mbili badala ya kuipunguza kwa siku moja, mwachie uwanjani mchana na mwenzake mtulivu, na umkague meno. Miezi mitatu ya kwanza apandwe na mtu mmoja tu anayemjua, kwa hatua na matiti, mpaka ajifunze kwamba kupandwa si kukimbizwa. Uzito wa mpanda na tandiko kwa pamoja usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Kwa farasi wa kilo 450 hiyo ni kilo 90, na mizani ya magunia iliyoko ghalani inatosha kuthibitisha kabla mgeni hajapanda.